Fremu Isitangulie: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Duka la Nafaka Dodoma

Ukipita Nkuhungu, Ilazo, Iyumbu au Nala siku hizi, hutembei mbali bila kukutana na fremu mpya zenye maandishi ya "Inapangishwa". Jiji linapanuka. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, ukaja Mji wa Serikali Mtumba, na tangu 2024 treni ya SGR inaleta abiria kutoka Dar es Salaam. Watu wakiongezeka, walaji wanaongezeka. Ndiyo maana mtu akipata mafao yake, au zamu yake ikifika kwenye mchezo, wazo la kwanza ni duka, na simu ya kwanza anampigia dalali.

Simu hiyo ndiyo ninayokuomba uicheleweshe. Maduka mengi niliyoyaona yakifungwa hapa mjini kabla ya mwaka kuisha yalianzia kwenye fremu. Pango la miezi sita, pesa ya dalali, rangi, rafu, bango la kupendeza, halafu mzigo unanunuliwa kwa kilichobaki. Mteja akija mara mbili akaambiwa "mchele umeisha, njoo kesho", mara ya tatu haji.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho: duka dogo la rejareja la mchele, unga, maharage na mafuta ya alizeti. Nimelichagua kwa sababu mzigo wake uko jirani nasi. Mahindi yapo soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Alizeti inalimwa Singida, Kondoa na Kongwa yenyewe. Hata kama wewe unawaza genge, saluni au duka la vifaa vya ujenzi, mpangilio wa hatua ni huohuo, badilisha tarakimu.

Hatua ya kwanza: hesabu ya gunia moja

Kabla ya kitu chochote, chukua daftari na kalamu. Bei ninazoweka hapa ni za mfano. Nenda Majengo, Sabasaba na soko la Job Ndugai pale Nzuguni, ukaandike bei za wiki hii, za jumla na za rejareja.

Tuseme unanunua mchele shilingi 2,400 kwa kilo, umefika dukani. Gunia la kilo 100 ni 240,000. Unauza 2,800. Wengi wanaishia hapo: faida 400 kwa kilo, 40,000 kwa gunia. Hesabu hiyo ina matobo mawili.

Tobo la kwanza ni punje. Mchele unamwagika wakati wa kupima, panya anatoboa, mizani inamzidishia mteja kidogo. Weka kilo moja kwa kila gunia. Utauza kilo 99, utapata 277,200. Ukitoa 240,000 inabaki 37,200.

Tobo la pili ni kodi, nalo ndilo linaloumiza wenye biashara za faida nyembamba. Mfanyabiashara mdogo asiye kampuni anatozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka, si faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kuanzia milioni 4 hadi 11 kuna madaraja ya kati. Zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100 unatozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote. Anayeuza nguo kwa faida ya nusu kwa nusu hataihisi sana. Wewe unayeuza kilo kwa 2,800 unatoa shilingi 98 katika ile 400 yako, karibu robo ya faida. Kwa gunia letu ni kama 9,700. Kilichobaki mkononi ni shilingi 27,500 kwa gunia.

Sasa gharama za mwezi. Fremu 150,000. Mchango wa mlinzi 30,000. LUKU 20,000. Taka 10,000. Kubeba mzigo toka sokoni 80,000. Nauli na chakula chako cha mchana 100,000. Jumla 390,000, bila msaidizi. Gawanya kwa 27,500: unahitaji kuuza magunia 14 na ushee kila mwezi ili tu usile mtaji. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 54 kwa siku. Hapo hujajilipa mshahara wala hujapeleka ada ya shule.

Usiogope tarakimu hiyo, ila usiende hatua ya pili bila kuwa nayo. Changanya na bidhaa zenye nafasi zaidi kuliko mchele: maharage, karanga, mafuta ya kupima, dagaa, unga wa uwele na mtama. Wagogo na wenyeji wengine wa kanda hii hawajaacha ugali wa uwele kwa mlenda, na mwenye unga safi usio na mchanga anafuatwa toka mtaa wa pili. Rudia hesabu kwa kila bidhaa. Daftari lako litakuonyesha ipi inavuta wateja na ipi inaleta faida.

Hatua ya pili: hesabu taa, usihesabu mapaa

Familia ya watu watano hupika kama kilo moja na nusu ya mchele na unga kwa siku. Tuseme nusu yake wananunua kwako na nusu wanaletewa toka kijijini au wananunua kwingine. Kilo 54 zinahitaji familia kama 70 zinazokujia wewe, siyo 70 zinazopita barabarani.

Dodoma inadanganya macho katika jambo hili. Viwanja vimepimwa vizuri, barabara zimenyooka, nyumba ziko nyingi, lakini nyingine ni mapagale na nyingine zina mlinzi peke yake. Nenda mtaa unaoutaka saa moja na nusu usiku, zunguka eneo la dakika kumi kwa miguu, uhesabu nyumba zenye taa. Kisha rudi asubuhi ya siku ya kazi, Jumamosi, na siku moja baada ya mishahara ya watumishi kuingia, kwenye tarehe za ishirini na kitu. Kaa karibu na duka lililopo. Angalia wanaonunua ni nani, wananunua nusu kilo au kilo tano, wanalipa taslimu au wanaandikwa.

Uliza pia kalenda ya mtaa. Ng'ong'ona na maeneo ya jirani yanategemea wanafunzi wa UDOM, na chuo kikifunga mauzo yanashuka mpaka usijue kama ni duka lilelile. Nyumba za wageni na migahawa ya katikati ya mji huchangamka Bunge la bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni. Mtumba na Ihumwa kuna watumishi mchana, jioni wanapanda daladala kurudi Kisasa, Area D na Makulu; anayeuza chakula kilichopikwa atapata wateja, anayeuza mchele wa kwenda kupika nyumbani awafuate wanakolala. Januari ni ya ada na sare, hata mtaa wa wenye kazi nzuri unanunua robo robo.

Ukishapata mtaa wenye familia za kutosha, ongea na mama lishe na wenye migahawa midogo. Wanne wanaochukua gunia moja moja kwa mwezi wanakupunguzia safari karibu theluthi. Waulize wanakopata mzigo sasa na kinachowakera: mawe kwenye maharage, mchele unaoshikana, au muuzaji anayefungua saa tatu wakati wao wanawasha moto alfajiri.

Hatua ya tatu: gawa mtaji kabla haujashikika

Tuseme una milioni 5. Nusu ni ya mzigo, na nusu hiyo haiguswi hata fremu ikiwa nzuri kiasi gani. Milioni 2.5 ni kama magunia kumi ya mchele au thamani yake kwa mchanganyiko. Tenga gharama za miezi mitatu, ukiondoa pango litakalokuwa limelipwa: 240,000 mara tatu, yaani 720,000. Inabaki 1,780,000. Pango la miezi sita na dalali wa mwezi mmoja ni 1,050,000. Kwa hiyo 730,000 ndiyo ya mizani, chaga, rafu, vibali na mashine ya risiti. Ukiona haitoshi, punguza rafu au tafuta fremu ya bei ya chini. Usichote kwenye mzigo.

Angalia jambo moja hapo: mzigo wa magunia kumi na mahitaji ya magunia 14 kwa mwezi maana yake mzigo wote uishe na urudi upya kila baada ya wiki tatu hivi. Mtaji huu hauna nafasi ya kukopesha. Nitarudi kwenye hilo.

Kama huna milioni 5, anza na ulichonacho sokoni au nyumbani, uuze kilo kwa majirani na kupeleka kwa mama lishe kwa bodaboda, mpaka mzunguko ukue. Mkopo wa kuanzia biashara ambayo bado haijauza hata kilo moja siushauri, na ile ya kausha damu siishauri kabisa. Mkopo wa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unadai 100,000 kila mwezi, sawa na faida ya magunia matatu na nusu, kabla hujapunguza deni lenyewe. Benki Kuu imewawekea watoa mikopo midogo waliosajiliwa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutajia zaidi ya hapo muombe leseni yake. Kuna pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana huomba kwa vikundi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na anza mapema, maana kusajili kikundi na kukaguliwa kunachukua muda.

Hatua ya nne: jua mzigo wako kabla haujawa wako

Mavuno ya kanda ya kati yanaanza kuingia sokoni Mei na kuendelea hadi Julai, mahindi na alizeti pamoja. Bei ya wakati huo na ya Januari au Februari ni vitu viwili tofauti. Ukiweza, panga kufungua Juni au Julai, ununue vizuri, uingie msimu wa bei kubwa ukiwa umeshapata wateja.

Bei rahisi ya msimu ina hatari yake: nafaka mbichi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na kuchemsha hakuiondoi. Muuzaji wa chakula anabeba dhamana ya watoto wa mtaa mzima, kwa hiyo jifunze kupima unyevu. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja hivi, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu mwingi: usinunue, au yaanike kwanza kwenye turubai, si kwenye udongo. Chumvi ikishuka yote chini, yako salama kuhifadhi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zisiingie dukani hata kwa bei ya bure.

Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kufagia. Mahindi na maharage unayotaka kuyaweka miezi kadhaa yatie kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Dumuzi na fukusi wanakufa wenyewe bila dawa. Unga ufunike. Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unaingiza vumbi kwenye kila kilicho wazi, na mteja akitafuna mchanga kwenye ugali hatalaumu upepo.

Mafuta ya alizeti nunua kwa mkamuaji unayeweza kumtembelea. Yaache madumu yatulie siku kadhaa mashapo yashuke, yaweke mbali na jua, na ukimpimia mteja tumia sehemu ya juu. Mwulize mkamuaji kuhusu mashudu pia, yale mabaki ya alizeti iliyokamuliwa. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayatafuta, na hayahitaji rafu.

Hatua ya tano: sasa fremu

Una hesabu, una mtaa, una wateja wanne wa magunia na unajua mzigo utatoka wapi. Sasa mpigie dalali. Mwambie bei yako na usiisogeze, maana ile 150,000 imeingia kwenye kila hesabu uliyofanya.

Fremu ya nafaka haihitaji kuwa barabara kubwa. Inahitaji sakafu kavu, paa lisilovuja (rushia maji au subiri mvua, zetu huanza kwenye Desemba), mlango mzuri, na mahali bajaji ya mzigo inaweza kusimama. Angalia ukutani kama kuna alama ya X nyekundu. Barabara nyingi zimejengwa au zinajengwa, ikiwemo ile ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na mwenye fremu iliyo ndani ya hifadhi ya barabara atalipwa au hatalipwa, lakini pango lako la miezi sita halirudi. Uliza ofisi ya mtaa, siyo dalali.

Mkataba uandikwe. Uonyeshe nani analipa umeme na mita ni ya nani, notisi ni ya muda gani, na pango litapanda lini. Mambo mawili ya kodi yazungumzwe kabla ya kusaini. Mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kwenye 150,000 ni 15,000. Wenye nyumba wengi wakisikia hivyo baadaye husema "mimi nataka yangu kamili", na wewe unajikuta unalipa 165,000 au zaidi. Pili ni ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani 18,000 kwa fremu yetu.

Hatua ya sita: karatasi

Hizi zinaonekana nyingi, lakini kila moja inafungua nyingine, kwa hiyo fuata mfululizo. Namba ya NIDA ndiyo mwanzo. Ukitaka kufanya biashara kwa jina tofauti na lako, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Kampuni iache kwanza. Kampuni hulipa kodi kwa utaratibu mwingine na hutakiwa hesabu zilizokaguliwa, mzigo mkubwa kwa duka la kilo 54.

Kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa chukua barua ya utambulisho. Ukiwa na barua, mkataba wa fremu na NIDA, nenda TRA ukapate TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara. TIN ni bure, na sheria inataka uombe ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Anayekuomba pesa "ya kukusaidia kupata TIN" anakuuzia kitu cha bure. Hapo TRA utakaa na afisa kufanya makadirio ya mauzo ya mwaka. Nenda na daftari lako. Anayekwenda mikono mitupu anakadiriwa kwa macho. Kodi inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Uliza awamu yako ya kwanza inaanza lini, na kila Julai hakikisha kama Sheria ya Fedha haijabadilisha viwango.

Ukishapata cheti cha kutodaiwa kodi, omba leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Leseni inadumu miezi 12 tangu siku ya kutolewa. Mashine ya risiti ya EFD au ile ya kwenye simu inawahusu wenye mauzo ya milioni 11 na kuendelea, na usidhani hiyo ni ya wakubwa tu: anayeuza 40,000 kwa siku anafika milioni 12 kwa mwaka. Duka la chakula pia linasajiliwa Shirika la Viwango (TBS), kazi iliyohamia huko kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa (TFDA) mwaka 2019, na afisa afya wa kata atakuja kukagua usafi. Mwite kabla hujaingiza mzigo. Ni rahisi kuongeza wavu dirishani duka likiwa tupu.

Mizani ipigwe chapa na Wakala wa Vipimo, na chapa ihuishwe kila mwaka. Kisado na debe acha sokoni. Ukipanga kufunga mafuta au unga kwenye chupa na mifuko yenye nembo yako, utahitaji alama ya ubora ya TBS. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo; barua yao ya utambulisho inampunguzia mjasiriamali mdogo gharama kwa miaka ya mwanzo. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo nunua mifuko mbadala yenye alama ya TBS.

Hatua ya saba: mwezi wa kwanza

Fungua kimya kimya. Wiki ya kwanza ni ya kujua kama mlango unafungika, kama Lipa Namba inasoma na kama mizani iko sawa. Wale mama lishe wanne uliozungumza nao wapelekee sampuli ya kilo moja kila mmoja, kisha waambie utafungua saa kumi na mbili asubuhi na ufungue saa hiyo kila siku.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni andika mambo manne: kilo ulizouza kwa kila bidhaa, pesa iliyoingia taslimu, iliyoingia kwenye simu, na uliyoitoa wewe mwenyewe. Hilo la nne ndilo gumu. Sukari uliyopeleka nyumbani, mia tano ya bodaboda, elfu mbili ya mtoto: zote ziandikwe kama mauzo kwako mwenyewe, na zisizidi posho uliyojipangia. Kila Jumapili pima magunia yaliyobaki ulinganishe na daftari. Upungufu ukizidi ile kilo moja kwa gunia, tafuta tobo liko wapi: panya, mizani au mtu.

Mikopo ya wateja itakuja siku ya pili tu. Jirani ni jirani, na huwezi kumnyima mama mwenye mgonjwa kilo ya unga. Jiwekee kiasi cha jumla, tuseme 100,000, ambacho dukani hakizidi kwa watu wote pamoja. Kikijaa, anayetaka kukopa asubiri mwingine alipe. Mtumishi akope hadi mshahara, mama lishe akope hadi jioni ya kesho, na deni la zamani lilipwe kabla ya jipya kuandikwa. Liseme hilo mapema, kwa upole, kabla mteja hajafunga mfuko.

Mwisho wa mwezi wa tatu tangu ufungue ndipo ulinganishe kilo zako za siku na zile 54. Ukiwa na 40 na zinapanda wiki hadi wiki, endelea. Ile akiba ya miezi mitatu ilikuwa kwa ajili hiyo. Ukiwa na 25 na haziongezeki, usisubiri pango la miezi sita liishe kwa heshima ya bango. Hamishia nguvu kwenye kupeleka mizigo kwa migahawa, ongeza bidhaa zenye faida zaidi, na mwezi wa tano wa mkataba mjulishe mwenye fremu kwa maandishi kama hutaendelea, ukiwa bado una mzigo wa kuanzia mtaa mwingine.